Mawese Kwenye Kipima Upepo

Kipima upepo kile kilikuwa kitu cha kipuuzi. Vikombe vitatu vyeusi vya plastiki, kila kimoja kama nusu ya ganda la yai, vimefungwa kwenye mlingoti juu ya paa la nyumba ya mtaa wa Koekelberg, Ubelgiji, nilikopanga chumba. Upepo ukivuma vinazunguka, na namba inatokea kwenye skrini ndogo jikoni. Baridi ikishuka chini ya sifuri na ukungu ukiwepo, vinaganda, na skrini inaandika sifuri huku miti ya mtaa mzima inayumba. Kifaa kimetengenezwa Ulaya, kinauzwa Ulaya, na kinashindwa na baridi ya Ulaya.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kibelgiji, mwalimu mstaafu aliyefundisha miaka mingi kwenye misheni huko Kivu. Alitaka nimwite Papa, kama walivyomwita kule. Kiswahili chake alikitoa huko huko na hajakipiga pasi tangu siku hiyo. Kila asubuhi alinakili namba za skrini kwenye daftari, kisha akachungulia dirishani na kuandika pembeni moshi wa dohani za majirani unaelekea wapi. Nilimwona kama mtu anayehesabu njiwa.

Mimi nilikuwa na shahada mbili za mazingira na sikuwa na kazi. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa kinaisha Aprili. Januari nikaitwa kwenye usaili, wa kwanza na wa pekee, wa kampuni inayotunza vifaa vya kupimia hali ya hewa. Walitaka kila mwombaji aje na takwimu za upepo za siku thelathini mfululizo, kutoka kituo anachokitunza mwenyewe. Kwenye wasifu wangu nilikuwa nimeandika kwamba natunza kituo. Ukweli ni kwamba niliwahi kupanda paani mara moja kufuta kinyesi cha ndege.

Siku ya ishirini na mbili ya zile thelathini, vikombe vikaganda.

"Mutoto, upepo iko zéro," Papa akasema akiwa anapaka mkate siagi. "Na kule inje moshi inakimbia sawa mwizi."

Nilitokea dirisha la darini nikiwa na mashine ya kukaushia nywele, waya wake mrefu ukinifuata kutoka chumbani. Barafu ikayeyuka, vikombe vikazunguka nusu saa, maji yakashuka hadi kwenye beringi inayovizungusha, yakaganda upya, safari hii ndani. Nilirudi mara nne. Jirani wa ng'ambo alinitazama nikiupulizia mlingoti hewa ya moto, kisha akafunga pazia.

Nikageukia jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa hali ya hewa, yaani wastaafu wenye mapaa yao na muda wao. Mmoja anasema tumia mafuta ya kupuliza. Wa pili anasema mafuta hayo yanakula plastiki. Wa tatu anapendekeza kifungwe taa ya joto, wa nne anasema taa itakidanganya kipima joto kilicho kando yake, na wa tano anamwuliza wa kwanza kama aliwahi kusoma fizikia. Nilichora jedwali la faida na hasara. Kila dawa ilikuwa na mtu aliyeilaani.

Papa alisimama nyuma yangu akisoma kwenye kompyuta.

"Siye kule Kivu tulikuwa tunapakaka mawese. Ku pompe ya maji, ku kengele ya kanisa, ku baiskeli ya padri. Haikukwamaka."

"Papa, kule hakuna barafu."

"Bon. Na hapa hakuna akili. Siku nzima uko mbele ya ordinateur, na kikombe ingali imesimama."

Niliongeza mawese kwenye jedwali ili kumridhisha. Upande wa hasara ukabaki mtupu, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya wazee wale aliyewahi kuyasikia. Nikautazama ule utupu mpaka ukaanza kufanana na ushahidi. Isitoshe, mimi ni mtu wa Kigoma, kwenye mawese. Chupa niliyoinunua kwenye duka la Waafrika, mtaa wa Chaussée de Wavre, ilikuwa kando ya jiko, mafuta mekundu, mepesi, yanateleza. Nilitia matone sita kwenye beringi.

Mchana ule jua lilikuwa limetoka. Vikombe vilizunguka kwa kasi kuliko vilivyowahi kuzunguka.

"Onze," Papa akasoma ile kumi na moja kwenye skrini, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi.

Asubuhi iliyofuata, sifuri. Barafu haikuwepo. Beringi ilikuwa imejaa kitu cha rangi ya chungwa, kigumu kama sabuni ya mche. Na nilikuwa nalijua hilo. Desemba nzima chupa ile ilikaa kwenye kizingiti cha dirisha, na kila nilipopika maharage niliyachokonoa mawese yaliyoganda kwa mpini wa kijiko huku nikiyatukana. Ndiyo maana niliihamishia jikoni. Dharau yote niliyokuwa nimewagawia wengine ikarudi kwangu.

Kuisafisha beringi kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki kulichukua siku mbili.

"Jaza na daftari yangu," Papa akasema. "Moshi niliandika yote."

Daftari halikuwa na namba za siku zile ila sifuri. Lilikuwa na "moshi inalala", na "moshi inaenda Basilika, mbio", yaani upande wa kanisa kubwa la mtaani kwetu. Ningeweza kutunga: nane, kumi na moja, tisa. Nisijisifu, si uaminifu ulionizuia. Niliogopa wangelinganisha na vituo vya jirani. Basi niliacha pengo, nikaandika sababu, nikaambatisha nakala ya kurasa zake.

Kwenye usaili, bwana mmoja alilisoma neno mawese mara mbili. Akaniuliza kama nilijua kwamba yanaganda. Nikasema ndiyo.

Kazi alipewa mwombaji aliyeleta takwimu kamili. Siku thelathini bila pengo, katika baridi ile. Ama paa lake liko nchi nyingine, ama ana kalamu nzuri. Nilimdharau kwa dakika kumi, nikamwonea wivu wiki nzima.

Februari ukungu ulirudi. Nilipanda paani na mashine yangu ya kukaushia nywele kabla ya chai, ingawa hakuna tena aliyekuwa ananidai namba yoyote.

"Sept," Papa akasema kwa sauti kutoka chini. Saba. Kisha ikapanda hadi tisa: "Neuf. Niandike?"

"Ngoja, Papa. Hakijakauka."