Msanii wa Gereji

Wiki iliyopita, katika mkutano wa wazazi hapa mtaani kwetu Darsait, nilisikia neno lililonipandisha mori.

Mzee mmoja wa Kiaustralia alikuja kuomba awafundishe watoto wetu muziki, bila malipo. Alitueleza maisha yake: ujanani aliimba roki mpaka sauti ikamkauka, kisha akatunga muziki wa filamu, akaigiza jukwaani, na siku hizi anatungia kwaya.

Alipotoka nje kusubiri jawabu, mwenyekiti wetu, bwana wa Kizanzibari mwenye kanzu iliyonyooka kwa pasi, alibetua midomo.

"Leo roki, kesho filamu, keshokutwa kwaya. Mtu hana kazi moja! Usanii mtupu. Wallahi mie mwanangu simpi."

Wenzake wakacheka, na shauri likaishia hapo. Watoto wamekosa mwalimu.

Usanii! Neno la watu wenye kipaji tumeligeuza jina la utapeli, halafu tunawatupia wenye kipaji wenyewe. Na nani kasema? Bwana ambaye asubuhi yuko wizarani, mchana yuko kwenye gereji yake Wadi Kabir, jioni anapangisha fleti Ruwi. Yeye tunamwita mtu wa baraka.

Nilimfuata mlangoni. "Shekhe, na msanii wa gereji tumwite nani?"

Alidhani natafuta fundi. Akatabasamu, akanipa kadi yake. Niliisoma mpaka chini, nikaigeuza: kazi zake zilikuwa zinaendelea upande wa pili.