Mgeni Asiyekula Vitunguu

Tangu Loisi aolewe na Hezron pale Tunduma, chakula cha Krismasi kilikuwa mikononi mwake. Baba mkwe, mzee Yonasi, ana kisukari, hivyo Loisi alimsongea ugali wa ulezi wa kiasi na mboga nyingi. Wifi yake Judith ni Msabato, hagusi nguruwe wala sufuria iliyopikiwa nguruwe. Wajomba wa ng'ambo, kutoka Nakonde, wasipokuta dagaa na mboga ya majani iliyoungwa karanga huona wamevuka mpaka bure. Wote aliwapangia, na hakuna aliyeinuka na njaa. Mtoto tu ndiye hakumpata, na mama mkwe, bibi Enesi, hakuliacha hilo lipoe.

Mwaka huu, walipokaa kupanga, Enesi alizungumza kwa upole ambao Loisi hakuuzoea. Alisema kuna mgeni hawezi vitunguu, harufu ya samaki inamtapisha, na kinachokaa tumboni mwake ni ndizi na vitu vya ndimu. Loisi alidhani ni mgonjwa, akamhurumia. Akasema ataagiza ndizi Ileje, atachemsha kuku wa kienyeji bila kitunguu, na dagaa wa wajomba atawakaangia nyuma ya nyumba ili harufu isiingie ndani. Enesi alikubali kila kitu. Hezron, aliyekuwa amekaa hapo akisikiliza, aliinuka akaenda kuangalia gari.

Siku ya sikukuu, watu wakiwa wameshaketi, Hezron aliingia na msichana aitwaye Faith, mimba imeshajitokeza. Faith akaketishwa kando ya Hezron, kwenye kiti cha Loisi. Loisi alikuwa amesimama na bakuli la supu mikononi.

"Ndiye huyu," Enesi alisema. "Mpe. Wewe ndiye unajua anachokula."

Wajomba wakainamia sahani zao. Judith akaomba maji. Loisi akamgeukia mumewe, akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe ulikaa pale, ukanisikiliza nikipanga?"

"Weka supu, itapoa," Hezron akasema.

Akaiweka. Faith alikunywa yote, akaomba nyingine.

"Asante, dada," alisema. "Umeanza kazi hapa siku nyingi?"

Mzee Yonasi alikohoa tu, akaendelea kumega ugali wake. Loisi akajibu kwamba ni siku nyingi, akaenda kumwongezea.

Kesho yake alifunga nguo zake akaenda kwa baba yake, Itumba. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mwanamke asiye na mtoto hachagui. Kabla ya mwaka mpya alimrudisha mwenyewe kwa basi dogo, akamwomba Enesi radhi kwa niaba yake.

Faith alijifungua wakati wa mvua za Aprili, mtoto wa kiume. Uji wa mzazi alikoroga Loisi. Alipoufikisha, Enesi aliupokea mlangoni, akaurudisha mlango kwa mguu.