Pikapu yangu ya dizeli inazima kila baada ya nusu saa: mafundi wanne, majibu manne

Wakuu, heshima zenu.

Nimekaa na hii stori tangu Krismasi, leo naitema. Ni kweli tupu, hata pale ninapoonekana mjinga, na pako pengi.

Mimi ni Mchaga, mangi kama mnavyotuita, nauza mabomba na koki Kariakoo, naishi Magomeni. (Najua mlishakisia kabila nilipotaja duka. Tuendelee.)

Nina pikapu ya dizeli, double cabin, ya zamani. Zamani kweli. Injini haina hata waya mmoja wa kompyuta, pampu yake ni chuma kwa chuma. Naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na ndugu zangu wanajua.

Sasa Desemba iliyopita ikaanza kisirani.

Unawasha vizuri. Unatembea vizuri. Ikifika kama nusu saa, inaanza kuwa nzito, unakanyaga mafuta haiendi, halafu pu, imezima. Haichemshi. Haitoi moshi mweusi. Oili iko palepale. Unasubiri, unapampu kwa mkono pale juu ya filta ya dizeli, unapiga stata mpaka betri inakaribia kulia, inawaka, unasogea kidogo, inazima tena.

Kwa mwezi mwingine ningesema poa, ngoja ipumzike. Lakini hii ilikuwa Desemba, na nilikuwa na mama ndani.

Mama alikuja Dar kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alisema asikunje mguu muda mrefu, kwa hiyo basi la kwenda Moshi lilishakataliwa. Njia pekee ilikuwa siti ya nyuma ya pikapu yangu, mguu kaunyoosha, mito mitatu mgongoni.

Na ilikuwa lazima aende. Ilikuwa Krismasi ya kwanza tangu tumzike mzee. Kule nyumbani mawifi zake walishaanza maneno: kwamba watoto wamemhamishia mjini, kwamba hatarudi, kwamba kihamba kimekosa mwenyewe. Kihamba kwetu ni shamba la ukoo, migomba na kahawa, na makaburi yako humohumo. Ukiambiwa umekiacha, umetukanwa.

Mama alikuwa anayasikia yote kwa simu. Spika ya simu yake iko juu kuliko ya msikiti wa mtaani kwetu, kwa hiyo na sisi tulikuwa tunayasikia.

Basi nikaanza kuzunguka kwa mafundi.

Fundi wa kwanza, Ilala, ni mtu wa filta. Akaichungulia kidogo tu. "Filta hii bosi, imeziba." Tukabadilisha. Akachota dizeli kwenye tenki langu, akaosha mikono, akaosha spana, akaosha na spana za jirani. Tukajaribu gari, safi kabisa. Kesho yake ikazimia Magomeni.

Wa pili ni mtu wa nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Unadhani alisema nini? Nozeli. Akazitoa, zikapimwa, zikarudishwa. Naye akachota dizeli yangu kuoshea. Tukajaribu, safi. Siku ya pili ikazima mbele ya duka langu, wateja wanatazama.

Wa tatu ni mtu wa pampu. Sihitaji kuwaambia alisema nini. Pampu ikafunguliwa, ikafungwa, na dizeli ikachotwa kama kawaida. Huyu alinifurahisha kwa kitu kimoja: alikuwa mstaarabu. Alipotaka kurudisha mfuniko wa tenki aliona nailoni ninayoweka chini yake imechanika, akanitafutia nyingine nzima, nene, akaikunja mara mbili, akakaza vizuri.

Maana raba ya mfuniko wangu ilishakufa siku nyingi. Mvua za vuli zikinyesha maji yanaingia, nikikata kona dizeli inamwagika. Kwa hiyo mwanzoni mwa Desemba nilifanya anachofanya kila Mbongo mwenye akili: nailoni, mfuniko juu, kaza, maisha yanaendelea.

Baada ya fundi huyu mstaarabu, gari ikawa mbaya zaidi. Sasa ilikuwa inazima hata kabla ya nusu saa.

Hapo katikati akatokea jamaa mmoja na laptop, anapima magari kwa kompyuta. Akaingiza kichwa chini ya usukani, akatafuta pa kuchomeka waya, akatafuta, akatafuta. Mwisho akatoka jasho linamtiririka akaniambia, "Kaka, gari yako haina tatizo la umeme." Ndilo jibu pekee la kweli nililopata mwezi mzima, lakini sitamhesabu kwenye wale wanne.

Wa nne yuko Buguruni. Huyu ni mtu wa injini nzima. Akaisikiliza ikiunguruma, akafumba macho, akatikisa kichwa kama anatangaza msiba.

"Mangi, hii ringi za pistoni zimeisha. Hapa ni kushusha injini."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki. Mbili, ukinisumbua."

Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Krismasi.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba labda tungeenda Pasaka. Nilijiandaa kwa vita. Mama yangu ni mtu wa kubishana hata na padri. Akaniangalia, akasema, "Sawa mwanangu." Halafu akaomba begi lake, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini.

Wakuu, niliumia. Bora angenitukana.

Asubuhi nikaanza safari ya kupeleka gari Buguruni ikashushwe injini. Mama akasema anakuja, tupitie Kariakoo anunue vitenge vya kuwatumia mawifi kwa basi, wasiseme pia kwamba ni mchoyo. Tukanunua. Tukashika Barabara ya Uhuru. Tulipofika Ilala, pu.

Nikashuka. Nikapampu pale kwenye filta, mkono ukawa mgumu. Nikafikiri labda mafuta yameisha, sababu kila fundi alishakoga dizeli yangu. Nikaenda nyuma, nikafungua mfuniko, nikavuta ile nailoni.

Fyuuuuu.

Mlio huo nilishausikia mara nyingi mwezi ule. Sikuwahi kuujali. Lakini mama alikuwa siti ya nyuma, dirisha wazi, tenki liko upande wake.

"Hicho nini kinalia?"

"Hewa tu, mama."

"Inaingia au inatoka?"

Sikuwa najua. Nikasema inatoka, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema akiwa hajui.

"Inatoka vipi, na hiyo nailoni yako nimeiona imebonyea kwenda ndani? Itazame vizuri."

Nikaitazama. Kweli, katikati ilikuwa imebonyea kama bakuli.

"Ukitoboa kopo la maziwa," akasema, "unatoboa matundu mangapi?"

"Mawili."

"La pili la nini?"

Wakuu, nilisimama pale pembeni ya barabara nimeshika nailoni mkononi, bodaboda wananipigia honi, na nikaelewa kila kitu kwa mpigo.

Kwa wasiojua: kwenye pikapu kama yangu tenki linapumua kupitia mfuniko. Kuna katundu kadogo. Dizeli inavyotumika, hewa inaingia kujaza nafasi. Mimi nilikuwa nimelikaba koo kwa nailoni. Pampu inavuta, inavuta, mwisho haiwezi tena, injini inakosa mafuta, inazima. Na kila fundi aliponiponyea gari, hakuponya chochote. Alifungua tenki kuchota dizeli ya kunawia mikono, hewa ikaingia, tukapata nusu saa ya furaha.

Nikaitupa nailoni, nikarudisha mfuniko mtupu, nikawasha. Tukapita Buguruni. Yule fundi wa nne alikuwa amesimama nje, ameshatundika mnyororo wa kunyanyulia injini. Akatupungia mkono tuingie. Nikampigia honi na kupita. Tukaenda mpaka Pugu, tukapanda mlima, gari inavuta kama ng'ombe aliyeona majani.

Kule Pugu nikataka uhakika. Nikachukua mfuko dukani, nikaziba tena, tukarudi. Haijafika nusu saa, pu.

"Umeridhika?" mama akauliza. "Sasa nirudishe nikapange begi langu."

Siku hiyohiyo nikanunua mfuniko mpya wenye raba, na katundu kake nikakapuliza kwa mdomo pale dukani kuhakikisha, muuzaji ananiona chizi.

Tukaondoka alfajiri. Chalinze, Korogwe, Same. Haikukohoa hata mara moja. Tulipoiacha lami na kuanza kupandisha kwetu, zimebaki hatua kama mia mbili, mama akasema, "Simama hapa."

Nikadhani ana maumivu. Akachukua fimbo, akajifunga kitenge kipya, akashuka. Nikamkumbusha daktari alisema nini. Akaniambia huyo daktari hana mawifi.

Akaingia kwenye kihamba chake kwa miguu yake. Polepole sana. Mimi nikawa namfuata nyuma kwa gia namba moja, na mawifi wote wametoka barazani wamesimama wanamtazama. Nililia humo kwenye usukani, sifichi.

Somo nililopata: gari ikiumwa, usiulize kwanza nini kimeharibika. Kumbuka inapona lini, na muda huo nani alikuwa amegusa nini. Na anza na kile ulichokiweka wewe mwenyewe.

Haya, wenye dizeli za zamani njooni hapa chini mseme aibu zenu, nisionekane peke yangu. Wenye kutaka kunicheka pia karibuni, nafasi ipo.

Anayemuulizia mama: hajarudi Dar mpaka leo. Nimempigia mara tatu nimfuate, anasema yuko bize, anapalilia.