Tulimsubiri Bibi Harusi Muaither, Kumbe Anayesubiriwa ni Bwana Harusi

Wakuu, kwema humu?

Juzi kulipita uzi wa ndoa za mchanganyiko, watu wakalia mpaka wakachoka. Mimi naleta wa kucheka. Haya niliyaona mwenyewe nikiwa Doha, miaka ile ya kazi za ulinzi. Majina nimebadilisha, mengine yote yalikuwa hivyohivyo, na kama kuna mtu alikuwepo na yumo humu, anikosoe.

Nilikuwa nakaa Industrial Area, chumba kimoja na Wafula, Mkenya wa Bungoma, dereva wa basi dogo la kampuni. Jamaa ana mdomo huyo! Ukikaa naye unasahau kama duniani kuna mabosi.

Rafiki yetu mwingine alikuwa Sulemani, fundi wa viyoyozi kwenye hoteli tuliyokuwa tunalinda. Mweusi tii, swala tano, wali anakula kwa mkono, na lugha ya kwao ukitulia unaielewa nusu. Kwao Mayotte. Lakini pasipoti yake sasa. Ya Ufaransa!

Na Ghuba mnaijua, mshahara unaangalia pasipoti kwanza. Yeye alikuwa na flat yake Muaither, sisi tunalala vitanda vya ghorofa. Wafula akambatiza jina, Mzungu.

Kwa wasiojua, Komoro ni visiwa vinne. Vitatu vilichukua uhuru, cha nne, Mayotte, kikapiga kura kubaki na Mfaransa, na yupo mpaka leo. Sasa mtu wa Anjouan, kisiwa cha jirani kabisa, akitaka kwenda Mayotte kumsalimia shangazi yake lazima awe na viza. Wengi hawaipati, wanapanda boti za wizi, na waliofia majini ni wengi sana. Wa Mayotte wanalalamika kwamba hawa wanakuja kuwajazia hospitali na shule. Wa Anjouan wanasema wale ni ndugu waliowakana.

Najua kuna watu wa Bara na Visiwani mshaanza kukunja mikono ya mashati. Tulieni, uzi sio wenu leo.

Sulemani mwenyewe alikuwa anasema Paris wanamuuliza ametokea nchi gani, Anjouan wanamwita Mfaransa, amekuja Doha nako sisi tunamwita Mzungu. Anacheka, ila ukimwangalia vizuri unaona linamuuma.

Basi bwana, kati ya wanawake wote wa Doha, jamaa akampenda Anziza. Wa wapi? Wa Anjouan.

Anziza alikuwa anafanya usafi wa vyumba hotelini hapohapo. Binti mcheshi, ila akiamua lake ameamua. Aliyesimama kama baba yake pale Doha alikuwa mjomba wake, dereva wa familia moja ya Kiqatari huko Al Rayyan. Mtu mpole, sauti ya chini. Mdogo wake wa kiume alizama akivuka kwenda Mayotte, na mwili haukupatikana. Kwa hiyo aliposikia mchumba anatokea huko, alikataa katakata.

Anziza naye akagoma kuolewa na mwingine. Wakavutana weee, mwisho mjomba akalegea. Akakubali, ila akasema wazi mbele yetu kwamba siku akiona dharau yoyote kutoka kwa huyo kijana, binti anarudi Anjouan na habari imeisha.

Nikahi ikafungwa msikitini Ijumaa baada ya swala, kimyakimya. Mjomba akarudi kwake, sisi kamati ya bwana harusi tukarudi Muaither.

Wakuu, tuliandaa! Wafula ni Mkristo lakini pilau yake, mimi Mnyamwezi mwenye jina la Kiislamu sioni ndani. Tukatandika shuka mpya, tukafukiza udi mpaka king'ora cha moshi kikalia, Wafula akapanda juu ya kiti kukipepea na kanga. Kisha tukakaa tumpokee bibi harusi. Si ndiyo desturi? Kwetu Tabora anasindikizwa kwa mumewe, kwa kina Wafula vilevile.

Alasiri ikaingia, hakuna mtu. Jua likaanza kushuka, hakuna mtu. Sulemani amekaa kwenye sofa na joho lake na shada la asmini tulilonunua kwa Mhindi, jasho linamtoka, hasemi kitu. Mimi subira sina, nikasema hawa watu wa visiwani wanajivuta bwana, ngoja nipige simu.

Nikampigia mjomba. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu zote kama wamekosa usafiri tuwapelekee basi.

Akasema, "Mwanangu, tumesimama mlangoni tangu alasiri. Wanawake wameimba mpaka sauti zimekauka. Mwambie Mfaransa wenu, kama anaona aibu kuingia kwetu, kesho tukaivunje hii ndoa."

Akakata.

Nikamgeukia Sulemani, ndipo jamaa akafunguka. Kwao, Mayotte na Anjouan sawasawa, nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ndiye anapelekwa kwa mkewe, ndugu zake wamemzunguka wanaimba njia nzima, na msafara huo Mayotte wanauita manzaraka.

Tukamuuliza, sasa wewe mbona umekaa kimya kama umemwagiwa maji? Akasema bwana harusi hasemi nipelekeni, ni aibu kubwa. Anangoja watu wake. Na watu wake ni sisi.

"Nilidhani mnangoja jua lipungue," akasema.

Jamani! Sufuria la pilau likaingia kwenye basi, bwana harusi akaingia, Wafula akakamata usukani. Tukashuka kwenye kona ya mtaa wa mjomba ili tufike kwa miguu. Nusu ya kamati walikuwa wametoka shifti na sare zao za ulinzi, kwa hiyo Sulemani alizungukwa na masekyurity watupu. Wapakistani wa gereji wakatoka nje, wakidhani kapita waziri.

Tatizo, wimbo wa Komoro hatujui hata mmoja. Wafula akaanzisha wa Kiluhya, kwa ile sauti yake ya kwaya, na sisi tukaitikia tusichokijua. Kule mlangoni wanawake wakasikia. Wakatoka wamejifunga mashiromani, zile nguo nyekundu za kwao, liwa usoni, wakaudaka wimbo palepale na kuugeuza wa kwao. Vigelegele! Nilicheza mpaka kofia ya kazi ikaanguka.

Ila mjomba alikuwa amesimama mlangoni vilevile. Akainua mkono, tukanyamaza.

Akamuuliza Sulemani mama yake ni nani, na mama wa mama yake katokea wapi. Ni swali la heshima kwao, lakini siku ile kila mtu alijua ni mtego.

Sulemani akasogea mbele. "Mama ni wa Mayotte," akasema. "Bibi alizaliwa Domoni, Anjouan. Alivuka zamani, kabla ya viza. Nyumbani tulikatazwa kulisema. Hata Anziza sijamwambia."

Mimi nilikuwa nalia, sifichi.

Mjomba akashuka ngazi, akamshika mkono. "Basi umechelewa sana kurudi nyumbani," akasema. "Pita ndani, mkeo ana njaa."

Mpaka naondoka Doha walikuwa wanaishi kwenye vyumba vya uani kwa mjomba, funguo anashika Anziza. Ile flat ya Muaither mkataba ulikuwa haujaisha, Sulemani akatuachia mimi na Wafula. Tulilala kama wafalme.

Nilichojifunza, wakuu, kabla hujabandika pilau ya watu, uliza kwanza nani anapelekwa kwa nani. Na huyo unayemwita mgeni, muulize bibi yake alizaliwa wapi.

Haya, kwenu anapelekwa nani? Shusheni hapa chini, mimi nipo na chai yangu nasoma.