Mgongo wa Bibi Tekla

Mama mkwe wangu, Bibi Tekla, alikuja kutoka Kilolo mwaka wa hamsini na sita, akaingia kwangu Kihesa na kikapu cha maharage. Akamwokota mwanangu Joachim pale jamvini nilipomkalisha, akamfunga mgongoni. Hakumshusha tena. Nasema hakumshusha, na nikikumbuka hadi leo nasikia kichwa kinagonga.

Alikuja kunisaidia, maana nilikuwa na mimba ya pili na miguu imevimba. Joachim alikwisha pita mwaka mmoja na nusu, mzito kama debe la unga, na hajapiga hata hatua. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa kumpisha anayekuja, hupelekwa kwa bibi yake alelewe huko. Mimi sikutaka. Nikamlilia mume wangu Danieli, fundi wa matofali, mtu asiyeweza kumwambia mama yake hata kwamba mboga ina chumvi nyingi. Bibi Tekla akatusikia.

"Haya basi," akasema. "Siku ninayoondoka, kama anatembea, abaki. Kama hatembei, nakwenda naye. Wewe Esta utabeba wawili kwa mgongo upi?"

Maneno ya haki kabisa. Lakini atatembea vipi mtoto asiyegusa ardhi?

Nikaanza kumfundisha. Nikachomeka miti miwili uani, nikafunga ufito katikati, usawa wa kifua chake, ili ashike akienda tata. Niliporudi kisimani nikakuta ufito umeanikwa nguo za Bibi. Nikatia punje za mahindi ndani ya kopo la majani ya chai, nilivingirishe alifuate. Bibi akalipenda, akamkabidhi hukohuko mgongoni, mtoto akawa analitikisa kutwa nzima masikioni mwangu. Kila nilipomsimamisha dede, sauti ilitoka jikoni: "Mama Joachim, mifupa hiyo bado laini. Itapinda." Mkwe hajibiwi. Nikamrudishia mtoto, nikaenda kutwanga kwa hasira mpaka mahindi yakaruka nje ya kinu.

Na si kwamba alikuwa hamchezeshi. Alimfundisha kupiga makofi, kujificha uso kwa kanga, kuonyesha pua, sikio, kidole cha baba na kidole cha mama. Alimwita "mume wangu", akamwuliza atamnunulia kanga lini, na mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Elimu yote ilikuwa ya kiunoni kwenda juu. Miguu ilining'inia tu.

Nilimchukia, sifichi. Kisha siku moja nilikuwa namchua mgongo kwa mafuta, maana ulikuwa umekwisha kwa kubeba, akaanza kunieleza habari za kwake. Mume amekufa. Mabinti wameolewa mbali. Mwanawe mkubwa amekwenda Makongolosi kutafuta dhahabu na hajarudi. "Nikisonga ugali nakula na paka," akasema, halafu akanikemea nichue kwa nguvu, nisimpapase kama mtu asiyekula. Hapo nikaelewa kwamba mifupa laini ni kisingizio, hamshushi kwa kusudi. Hasira yangu ikazidi, kwa sababu sasa imechanganyika na huruma, na sikujua nimgombeze au nimpikie uji.

Wa pili akazaliwa salama, na siku ya Bibi kuondoka ikafika. Nguo za Joachim nilizifunga mwenyewe nikilia, nikazitia kikapuni mwa Bibi. Akamketisha Joachim jamvini karibu na kikapu, akaelekea barabarani kutazama kama lori limefika. Hakugeuka nyuma.

Mtoto akaona mgongo wake unaondoka bila yeye. Akashika ukingo wa kikapu, akasimama. Akauachia. Akaenda tata ua mzima, akipepesuka, mikono hewani, mpaka akamfikia Bibi na kung'ang'ania nguo yake kwa nyuma. Danieli akapiga kofi moja, akashusha mikono.

 Bibi Tekla akageuka, akachuchumaa mbele ya mjukuu wake, akamfuta kamasi kwa kidole gumba.

"Si ungengoja kesho, mume wangu," akamwambia.

Nikamwambia, "Mama, kaa nasi." Akanijibu kwamba shamba halina mtu. Akarudi kwenye kikapu, akatoa nguo za Joachim moja moja, akanipa, akaenda kupanda lori.