Swafia na Galaksi Isiyo na Jirani

"Mama Bravin, umesikia mjane wa Anwar amepata wanaume wengine?"

Rosebella alilitupa neno hilo bombani kabla ndoo yake haijajaa. "Mayi! Mume bado mbichi kaburini, yeye anacheka nao kwa kompyuta. Nimepita chini ya dirisha, nimemsikia na haya masikio. Wazungu, tena!"

"Labda ni ndugu zake," Pascalia alisema.

"Ndugu gani wa Mayoni anaongeanga Kizungu? Mimi sifichi kitu. Mama mkwe wake nimeshamwambia."

Pascalia alimkaza Bravin mgongoni, akajitwika ndoo yake. Njia nzima lile neno lilimwasha kama vumbi la majani ya miwa.

Swafia hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Wazazi wake walilima miwa kule Mayoni, wakamsomesha mpaka chuo kikuu, na masomo yakampeleka kwenye galaksi, yale makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali kupita akili. Anwar, muuza vipuri vya pikipiki pale Ekero, alimwoa na masomo yake hivyohivyo. Watu walipomtania kwamba mkewe anahesabu nyota badala ya kuku, alijibu, "Kuku nitahesabu mimi." Kisha homa ikamchukua, upesi, kama mtu aliyeitwa nje. Tangu hapo Swafia alikuwa amekaa eda katika nyumba ya mama mkwe wake, Bi Zeituni. Hatoki, hajipambi, na wageni wake ni wanawake.

Alasiri Pascalia alichukua chupa ya uji akaenda kubisha hodi. Siku nyingine Bi Zeituni angemnyang'anya mtoto pale pale mlangoni. Leo alimwonyesha chumba kwa kidole tu.

"Yuko huko. Ile mashine yake nimeifungia kabatini. Mwanangu hata arobaini hajafika."

Swafia alikuwa ameketi mkekani. Alimpokea Bravin, akamnusa utosi.

"Umesikia yanayosemwa."

"Nimesikia."

"Na bado umekuja."

"Sasa nisije?"

Swafia akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Wale ni walimu wangu. Ijumaa natakiwa niwaeleze kazi yangu yote wanipime. Nisipotokea, miaka yangu ya kusoma imekwenda na maji. Jana tulikuwa tunajaribu tu kama tunasikilizana. Mmoja akaniuliza, 'Na yule bwana wa kuku?' Kumbe hawakuwa na habari za msiba. Siku moja Anwar alipita nyuma yangu katikati ya somo, ingokho kwapani, akawainamia kwenye kompyuta: 'Asalaam aleikum, walimu! Huyu kuku hauzwi!' Basi jana nikacheka, Mama Bravin. Nilicheka kabla sijakumbuka. Halafu ikabidi niwaambie."

"Ukalia."

"Nikalia. Lakini aliyekuwa dirishani alikuwa ameshakwenda na kicheko chake."

Pascalia alimmiminia uji. Akauliza hiyo kazi yenyewe ni ya nini.

"Kuna gesi inaitwa haidrojeni," Swafia alisema, akimpapasa mtoto mgongoni. "Hakuna iliyo nyepesi kama hiyo, na ndiyo nyota zinazaliwa kwayo. Macho hayaioni. Lakini inatoa mawimbi kama ya redio, na kuna darubini kubwa, zimekaa kama masahani, zinayanasa. Sasa galaksi zikikaa karibu, zinavutana, zinanyang'anyana gesi. Mimi nasoma zile zinazokaa peke yake. Kwa kuwa hakuna wa kuzigusa, gesi yake mara nyingi imetulia, sawa huku na huku. Ila ninayo moja ambayo gesi yake imeinama upande mmoja. Tumetafuta jirani, hatumwoni."

"Sasa nani ameivuta?"

"Hatujui. Pengine palikuwa na kagalaksi kadogo karibu yake, ikakameza zamani. Kameisha, hakaonekani tena. Gesi ndiyo bado haijarudi mahali pake."

Mkono wake ukasimama juu ya mgongo wa mtoto. Pascalia aliuona, akaangalia pembeni. Sebuleni Bi Zeituni alisikika akiburuta kiti.

"Nikamwombe mama akurudishie mashine?" Pascalia alinong'ona. "Nitamweleza ulichokuwa unacheka."

"Mweleze, maana mimi nashindwa. Nikitaja jina la Anwar anajifunika uso na leso, na mimi sauti inakatika hapo hapo. Tunakula sinia moja kama wapita njia." Alimrudishia mtoto polepole, akamshika kifundo cha mkono. "Lakini mashine usimwombe. Mwombe aje nayo yeye mwenyewe, aketi nami hiyo Ijumaa, hapa ubavuni, walimu watuone wawili. Peke yangu sitaweza kusema."