Kahawa ya Ibra na Nchi Zilizouzwa

Niliondoka Unguja kwa kazi moja: kupata saini ya Shangazi Zuwena, ili shamba la mitende la marehemu babu huko Ibra, Omani, liuzwe. Warithi wengine tulishakubaliana. Yeye ndiye anayekaa humo, na nikatumwa mie kwa kuwa alinilea mwaka mzima nilipokuwa na miaka tisa.

Asubuhi nilitoka Maskati na binamu yangu Salim. Tulipopita mji wa Fanja nikaiona mitende, nikamkumbuka shangazi akinibembeleza kwa tende nilipoililia Unguja. Machozi yakanilengalenga.

"Hujafika, ushaanza!" Salim akanicheka.

Saa nne tuliingia Ibra, wakati wa kahawa ya wanawake. Salim akabaki nje.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Lo, umekonda! Kaa, unywe."

Majirani wawili, Bi Thuraya na Bi Salma, walikuwa wameizunguka sinia ya tende. Kiswahili chao kilikuwa kile cha bibi yangu, ambacho siku hizi hata Unguja sikisikii. Wallahi nilitamani wasinyamaze.

Walikuwa wakizungumzia Greenland, kisiwa kinachotajwa kwenye habari kwamba kuna wakubwa wanataka kukinunua.

"Ajabu gani?" akasema Bi Thuraya. "Gwadar, bandari yetu ya wavuvi kule ng'ambo, si iliuzwa kwa Pakistani? Na pwani ya Mrima, si Mjerumani alimlipa Sultani akaichukua?"

"Gwadar ilikuwa mbali," Bi Salma akajibu. "Ya nini kung'ang'ania?"

"Mbali na nani?" akauliza shangazi. "Waliokaa huko haikuwa mbali nao. Waliulizwa?"

"Nani amuulize mvuvi!" akasema Bi Salma.

Nami nikadakia kwa sauti, "Aibu! Mahali hapauzwi bila kumuuliza anayekaa hapo."

"Kweli kabisa, mwanangu," shangazi akasema, akanimiminia kahawa. Nikakiweka kikombe chini. Karatasi ya kuuza shamba ilikuwa mkobani.

Majirani walipotikisa vikombe kuashiria wametosheka, wakaaga. Nikaitoa karatasi, uso umenishuka.

"Shangazi, wewe mwenyewe wataka nini?"

Akaipokea. "Salim alikwishaniambia. Magoti yangu yamechoka, mwanangu. Mngenipigia simu mwezi uliopita, ningesema uzeni, na dua ningewaombea. Nilingoja. Mkapigiana nyote, mie hamkunipigia."

Akalia, nami nikalia naye. Karatasi akaikunja, akanirudishia bila saini.

Nimesharudi Unguja. Nimejifunza kuwa ya Gwadar ni mepesi kuyahukumu ukiwa na kikombe mkononi. Ndugu zangu kila siku wananiuliza, "Shangazi kasemaje?"

Nawajibu, "Mpigieni."